Diski imekufa, kazi inaendelea

Lori la mizigo lina matairi mawilimawili nyuma. La ndani likiishiwa upepo, la nje linabeba mzigo wote na gari linaendelea kutembea kama hakuna kilichotokea. Dereva hasikii kitu. Ndiyo maana wakisimama Chalinze au Mikumi utingo hushuka na kipande cha nondo, akagonga tairi moja moja huku ametega sikio. Mimi nimejiajiri kugonga matairi, ila yangu ni ya seva.

Wateja wangu ni ofisi ndogondogo za Dar es Salaam: zahanati, studio za picha, wapima ardhi, wachapaji wa kadi za harusi. Hazina ubavu wa kumwajiri mtu wa kompyuta wa kudumu, kwa hiyo napita, naangalia, nalipwa, naondoka. Karibu zote zina seva yenye diski kadhaa zilizofungwa pamoja kwa mtindo wa RAID, na karibu zote siku ya kununua ziliambiwa maneno yaleyale na muuzaji: "Hii bosi, hata diski ikifa hupotezi kitu."

Muuzaji hakudanganya. Wazo hilo liliandikwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: badala ya diski moja kubwa ya bei mbaya, unganisha nyingi za bei nafuu, na kwa kuwa za bei nafuu zitakufa tu, weka ya ziada ya kufidia. Aina ya kwanza, RAID 1, ni diski mbili zinazobeba kitu kilekile. RAID 5 inavumilia kifo cha diski moja kati ya zote, RAID 6 inavumilia viwili. Ila muuzaji aliishia katikati. Baada ya kifo hicho unabaki na seva ya kawaida kabisa yenye diski iliyozeeka, na mbele ya macho yako mafaili yanafunguka, ankara zinatoka, mhasibu anafunga mwezi. Kazi ya RAID ni kukuficha msiba, na inaifanya vizuri mno.

Ofisi moja ya wapima ardhi waliniita kwa sababu ya printa. Nilimkuta mama mhasibu, mtu wa makamo, miwani kwenye kamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Njoo uone hii printa, tangu juzi imegoma."

Printa ilikuwa imebadilishiwa anwani na ruta, kazi ya dakika chache. Lakini mimi nikishashika kibodi ya ofisi yoyote yenye seva ya Linux, kabla sijaondoka lazima niandike `cat /proc/mdstat`, amri inayoonyesha hali ya diski za RAID. Ni tabia, kama mtu anayeshika mlango mara ya pili kuhakikisha umefungwa. Ikaja hivi:

`md0 : active raid1 sda1[0]`
`3906884608 blocks super 1.2 [2/1] [U_]`

Diski mbili zinatakiwa, iliyopo moja. Kila U ni diski iliyo hai, na kistari cha chini ni pengo la ile ya pili. Ramani zote za viwanja walivyopima kwa miaka, vipimo vya mipaka, nakala za hati walizoskani, vyote vilikuwa juu ya diski moja, `sda`, peke yake.

"Mama, seva yenu ina diski mbili. Moja imekufa."

"Imekufaje wakati asubuhi hii nimetoa ankara?"

"Inayofanya kazi ni mwenzake."

"Sasa si ndivyo mlivyotuambia itafanya?"

Sikuwa na jibu la haraka kwa hilo, na mpaka leo naona ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na watu wa fani.

Kilichoniuma zaidi nilikikuta baadaye. Fundi aliyewafungia ile seva, ambaye alishahamia Dodoma, alifanya kazi yake kwa usafi. Aliweka Debian, aina mojawapo ya Linux, na Debian ukiiwekea `mdadm`, programu inayosimamia RAID, inaanza yenyewe kulinda safu zako, yaani diski zilizofungwa pamoja: kuna programu inayokaa macho muda wote, halafu kuna ukaguzi wa kila siku unaorudia kukumbusha kama safu bado ina upungufu. Kwenye seva hiyo ukumbusho ulikuwa ukitoka saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Nikafungua `/var/mail/root`. Barua ya kwanza ilikuwa ya wiki ya Sabasaba, mwezi Julai, ikisema diski imeshindwa. Kuanzia hapo, kila asubuhi ambayo mashine iliamka ikiwa imewashwa, barua nyingine: DegradedArray event on /dev/md0, yaani safu ina upungufu. Nilikuwa nazisoma Desemba. Seva ilipiga kelele alfajiri baada ya alfajiri, ndani ya sanduku la barua lililo ndani ya seva yenyewe, ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulifungua.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "tumeweka monitaringi," swali langu la kwanza ni: ujumbe unaishia kwa nani? Sitaki anwani, nataka jina la mtu. Na mtu huyo analala na simu yake au la?

Nikirudi kwa wapima ardhi: sikununua diski mpya nikaichomeka palepale. Kuijaza diski mpya maana yake ni kuisoma ile iliyobaki mwanzo hadi mwisho, kila sekta, bila kupumzika. Diski ya TB 4 kwa kasi ya MB 150 kwa sekunde inachukua zaidi ya saa saba, na hiyo ni kama hakuna mtu anayeitumia. Iliyobaki ilinunuliwa siku moja na marehemu, imezunguka saa zilezile, kwenye joto lilelile la chumba kisicho na kiyoyozi. Nikaiuliza hali yake kwanza kwa `smartctl -a /dev/sda`. Juu kabisa iliandika PASSED. Chini, kwenye Current_Pending_Sector, kulikuwa na 8.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Kila diski hujiandikia daftari la afya linaloitwa SMART. Lile neno PASSED ni hukumu ya mtengenezaji mwenyewe kwa vigezo alivyojiwekea, na vigezo hivyo ni vya upole sana. Nimeshika diski zinazolia kama mashine ya kusaga ambazo bado zinajipa PASSED. Kinachofaa kusoma ni namba chache za chini. Namba 5 ni sekta zilizooza ambazo diski imeshazihamishia kwenye akiba. 197 ni sekta ambazo imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuona la kufanya. 198 ni zile zilizoshindikana hata kwenye ukaguzi wake yenyewe. 187 ni makosa ambayo ililazimika kuyakiri mbele ya kompyuta, na 188 ni amri zilizokwisha muda bila jibu. Hizo tano ndizo ambazo Backblaze, kampuni ya Marekani inayotunza data za watu kwenye diski nyingi mno, ilisema inaziangalia. Mwaka 2016 walieleza kwamba kati ya diski zao zilizokufa, asilimia 76.7 zilikuwa na angalau moja ya namba hizo juu ya sifuri, wakati kwa zilizokuwa kazini ni asilimia 4.2 tu.

Geuza hesabu hiyo uione upande wa pili. Karibu robo ya zilizokufa zilikuwa na sifuri tupu. Watu wa Google walikwisha kuliona hilo mwaka 2007, walipochapisha utafiti wa diski zaidi ya 100,000: zaidi ya nusu ya zilizokufa, asilimia 56, hazikuonyesha hata moja ya dalili nne nzito. Lakini diski iliyopata kosa lake la kwanza ilipojikagua uso wake (scan error) ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko zisizo na kosa hilo. Mimi nimejiwekea msimamo kutoka hapo: namba 197 ikitoka kwenye sifuri, natafuta pesa ya diski. Ikiwa sifuri, silali fofofo kwa ajili yake.

Na 199 msiichanganye na hizo. Hiyo ni makosa ya njiani, kati ya diski na bodi, na mara nyingi dawa yake ni kebo mpya ya bei ya soda chache. Nimewahi kuona diski nzima imetupwa kwa sababu ya 199.

Basi wapima ardhi tukaanza na nakala. Nilileta diski ya nje na `ddrescue`, programu ya kunakili diski mbovu, ambayo husoma kwanza yaliyo rahisi halafu ndiyo hurudi kugombana na yaliyo magumu. Tukaiacha usiku kucha. Asubuhi kila kitu kilikuwa salama isipokuwa faili moja la mchoro ulioskaniwa, na mama mhasibu alisimama, akafungua kabati la chuma, akautoa mchoro wenyewe wa karatasi. Bila kusema neno. Baada ya hapo ndipo tulipoweka diski mbili mpya.

Kuchomoa kwenyewe kunataka utulivu. Ukikosea ukaichomoa iliyo hai, umemaliza kazi ambayo diski mbovu ilishindwa kuimaliza. `sda` na `sdb` ni majina ya kupanga, yanaweza kubadilika mashine ikiwashwa upya. Kinachoaminika ni namba ya utambulisho iliyochapishwa kwenye kibandiko. Mbovu mara nyingi haijibu hata ukiiuliza jina, kwa hiyo ninachofanya ni kusoma namba ya ile nzima kwa `smartctl -i`, kisha nachomoa isiyo na namba hiyo. Kwenye seva zangu zote naandika tarakimu nne za mwisho kwa kalamu ya wino mzito juu ya utepe wa karatasi, nabandika mbele. Fundi atakayekuja baada yangu asilazimike kukisia kwa tochi ya simu.

Sasa, zile sekta 8 zilikaa pale kwa muda gani? Hakuna aliyezigusa, kwa hiyo hakuna aliyejua. Diski inaweza kuoza kwenye kona yenye mafaili ya 2014 na ikakaa kimya mpaka siku unajaza diski mpya, ambayo ndiyo siku pekee usiyoitaka. Kinga yake ni kuisoma safu nzima mara kwa mara. Debian kwa miaka mingi ilikuwa ikipanga ukaguzi huo Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa saba kasoro dakika tatu usiku. Wazungu walioipanga walifikiri vizuri: usiku wa kuamkia Jumapili nani anafanya kazi? Hawakufikiria mlinzi wetu. Ofisi nyingi ninazozihudumia, Ijumaa jioni mlinzi anazima swichi kuu ukutani, feni, taa, seva, vyote, ili kuokoa uniti za umeme wa LUKU. Usiku huo unapita, ukaguzi haukufanyika, na haurudiwi Jumatatu. Nimekuta seva zenye umri wa kwenda shule ya msingi ambazo hazijawahi kukaguliwa hata mara moja, na mipangilio yake ukiisoma ni sahihi kabisa. Siku hizi ninahamishia ukaguzi Jumatano usiku, na naangalia tarehe ya mwisho uliofanyika kwenye kumbukumbu za mashine. Ukitaka kuuanzisha kwa mkono, andika `check` ndani ya `/sys/block/md0/md/sync_action`, ikimaliza soma `mismatch_cnt`, hesabu ya tofauti zilizoonekana.

Umeme unakatika, hilo nalo lina lake. Diski za kompyuta za mezani zikikutana na sekta mbaya zinang'ang'ana nayo hata dakika kadhaa, wakati Linux kwa kawaida inasubiri sekunde 30 tu kabla ya kukata tamaa na kuihesabu diski nzima kuwa mbovu. Diski ikikiri mapema, RAID ingechukua data kwa mwenzake na kuiandika upya sekta hiyo, maisha yakaendelea. Kuna amri ya kuiambia iache kung'ang'ana baada ya sekunde saba, `smartctl -l scterc,70,70`, kwa diski zinazoikubali. Ila diski nyingi husahau agizo hilo umeme ukikatika. Hapa kwetu hiyo ni sawa na kusema husahau kila wiki, kwa hiyo iweke kwenye yale yanayojiendesha mashine inapowaka.

Kuhusu kununua. Kariakoo kuna diski mpya, kuna zilizotumika, na kuna zilizotumika zilizorudi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa upya. Mimi naenda na kompyuta mpakato na kiunganishi cha USB, naomba kwa heshima niichomeke kabla ya kulipa, nasoma namba 9, saa ilizowaka. Mpya ina saa sifuri au chache za kiwandani. Nimewahi kuonyeshwa "mpya" yenye saa zaidi ya 30,000; muuzaji akacheka, akapunguza bei, nikaondoka. Na usione ni Kariakoo tu. Mwanzoni mwa 2025 iligundulika Ujerumani kwamba wauzaji walikuwa wakiuza kama mpya diski za Seagate zilizokwisha tumika kwa makumi elfu ya saa, huku daftari la SMART limefutwa kurudi sifuri. Zilikamatwa kwa sababu zina daftari la pili, FARM, ambalo waliozisafisha hawakuligusa. Matoleo mapya ya `smartctl` yanalisoma kwa `-l farm`.

Jambo jingine ninalolikataa ni kununua diski zote za safu kutoka boksi moja. Ushahidi wangu ninaoupenda ni tangazo la HPE, kampuni ya Marekani inayotengeneza seva, la Novemba 2019: baadhi ya SSD zao za seva (diski zisizo na kitu kinachozunguka) zilikuwa na kasoro kwenye programu ya ndani, zikifikisha saa 32,768 zinakufa, na data hairudi. Saa hizo ni miaka 3, siku 270 na saa 8. Mtu wa kompyuta akiiona namba hiyo anatabasamu kwa uchungu, ni mbili kwa kipeo cha kumi na tano. Machi 2020 likatoka tangazo jingine, safari hii saa 40,000. Fikiria safu ya RAID 6 yenye SSD nane zilizowashwa kwa kitufe kimoja, asubuhi moja. Ile ya ziada ya kufidia nayo inafikisha saa hiyohiyo. Dawa ilikuwepo, kuweka toleo jipya la programu ya ndani kabla saa hazijatimia, lakini ilibidi uwe unajua diski zako zina saa ngapi.

Kwa wale wenye kontrola ya RAID ya chuma, yaani kadi inayofanya RAID badala ya Linux, nasema kwa ufupi: Linux haioni diski, inaona kile ambacho kontrola inataka kuionyesha, na `/proc/mdstat` haitakusaidia. Unahitaji chombo cha mtengenezaji, `storcli` au `ssacli`, na SMART unaipata kwa kupitia, mfano `smartctl -d megaraid,0`. Usisahau betri ya kontrola. Ikichoka, kontrola huacha kuhifadhi maandishi kwenye kumbukumbu yake ya haraka na seva inakuwa nzito ghafla, watu wanalaumu mtandao. Ile taa ya rangi ya chungwa mbele ya diski nayo huwaka kweli. Shida ni kwamba huwaka ndani ya chumba ambacho ufunguo anao meneja.

Baada ya ile Desemba nilibadilisha namna ninavyotuma taarifa. Barua pepe kutoka seva ya ofisi ndogo haifiki mbali, inaishia kwenye taka au haitoki kabisa. `mdadm.conf` inakubali mstari wa PROGRAM, unaotaja skripti yako yenyewe, na `mdadm` huipatia jina la tukio na jina la safu. Skripti yangu inatuma Telegram kwenye kundi lenye mimi na mtu mmoja wa ofisi. Naijaribu kwa `mdadm --monitor --scan --oneshot --test`, na kwenye seva mpya, kabla data haijaingia, nachomoa diski kweli mbele ya bosi mpaka simu yake ilie.

Halafu nimeongeza ujumbe wa kila asubuhi unaosema safu ni nzima, diski zote zina sifuri kwenye 197, ukaguzi wa mwisho ulikuwa tarehe fulani. Wenzangu wa fani wananicheka, wanasema mtu akizoea ujumbe wa kila siku haoni tena. Huenda, lakini mtu wa IT na mhasibu hawafanani. Mama mhasibu maisha yake yote ni kutafuta risiti isiyopo. Mwezi wa pili alinipigia kabla ya saa tatu.

"Baba, leo seva haijasalimia."

Nilikuta kifurushi cha intaneti cha ofisi kimeisha. Diski zilikuwa salama, zote mbili. Lakini ina maana siku hiyo hata kama moja ingekufa, Telegram isingetoka, kwa hiyo nimewaongezea modemu ya zamani ya USB yenye laini yake ya simu, inayotuma SMS kwa `gammu` pale mtandao unapokosekana. Kuweka salio kwenye laini hiyo kila mwezi ni kazi ya mama, ameshaiingiza kwenye bajeti chini ya "ulinzi."